Modeli ya meli ya kuvunja barafu Arktika (1:350): nimeiunga miezi miwili, haya ndo niliyoyaona

Habari zenu wadau. Naandika hii hasa kwa mafundi wenzangu wa maboti, na vijana wanaosomea mambo ya meli, na yeyote anayependa kujua chombo kinakaaje majini. Nimenunua boksi la kuunga modeli ya Arktika, ile meli ya nyuklia ya Urusi ya kuvunja barafu, skeli ya 1 kwa 350, yaani sentimita moja ya modeli ni sentimita 350 za meli yenyewe. Mpaka naipokea stendi ya Nyegezi hapa Mwanza ikitokea Dar kwa basi ilikua imenila laki mbili na themanini, usafiri ndani. Kwa asiye na muda jibu ni hili: nunua, hela yako haipotei, ila kuna kitu kimoja karatasi ya maelekezo inakuruhusu kufanya na mimi nakuomba sana usikifanye, nakuja kukisema.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, tunatengeneza na kukarabati maboti ya chuma huku upande wa Mkuyuni, mwaka wa kumi na nne huu. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu anapenda fizikia kuliko kula, kwahiyo tumeunga wote wawili, jioni jioni na jumapili.

Ukifungua boksi unakuta bodi la meli limegawanywa mara mbili, kulia na kushoto, afu matawi ya plastiki yenye vipande vidogo vidogo mamia, stika za kulowekwa kwenye maji, na kijitabu cha michoro bila maneno. Ukishagundisha bodi unapata kitu cha karibu sentimita 50 kwa urefu, maana meli yenyewe ni mita 173.3, na upana sentimita 9.7, maana yenyewe ni mita 34. Hapo hapo mpwa wangu akaniuliza, mjomba na MV Mwanza yetu ingekua kiasi gani? Tukapiga hesabu, MV Mwanza ni mita 92.6 kwa 17, kwa skeli hii inakua sentimita 26 na nusu, tukaikata kwenye boksi la karatasi tukailaza pembeni. Nusu kamili ya upana. Meli kubwa kuliko zote ziwani kwetu ukiilaza pembeni ya Arktika inaonekana kama mtoto kando ya mama.

Sasa kile kitu nilichosema. Kwa ndani ya bodi kuna mstari mwembamba umechongwa kuzunguka meli nzima, na kijitabu kinakuonyesha kwamba ukitaka meli ikae mezani kama vile inaelea, chukua kisu kata pale kwenye mstari, sehemu ya chini weka kando. USIKATE. Nakuomba kwa heshima zote usikate. Juu ya maji Arktika ni meli kama meli nyingine, ina nyumba ndefu, ina uwanja wa helikopta, ina kreni, utapenda kuziangalia siku mbili tatu utazoea. Akili yote ya wale mainjinia iko chini ya ule mstari, ukiitupa umebaki na ganda.

Nieleze kwa kitu tunachokiona kila siku. Nendeni soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi magari yakishusha mabonge ya barafu za kuhifadhia sangara, muangalieni yule jamaa anayevunja. Bonge likiwa limelala lote sakafuni anagonga na nondo anatoa chembe chembe tu, jasho linamtoka na baridi ile. Lakini akilisogeza ncha moja ikae juu ya gogo na ncha nyingine iwe hewani, anagonga mara moja katikati, kah, linakatika vipande viwili. Barafu ile ile, nondo ile ile. Barafu ukiiminya ni ngumu sana, ukiikunja ni dhaifu. Ndo siri yote ya hizi meli hiyo. Watu wengi, na mimi nilikua mmoja wao, wanadhani meli ya kuvunja barafu ina omo (ile pua ya mbele ya meli) mkali kama shoka unapasua mbele kwa mbele, kumbe ukifanya hivyo unaiminya barafu, unapigana nayo pale penye nguvu zake. Omo wa Arktika umelala, umeinama kuelekea chini ya meli, kwahiyo ikisukumwa mbele inapanda juu ya barafu kidogo, afu uzito wake unakaa pale, barafu inakunjika kwenda chini inakatika, vipande vinatelezeshwa chini ya bodi na pembeni. Na lile nundu la mviringo ambalo meli nyingi za mizigo za baharini zinalo chini ya omo, hapa halipo kabisa.

Kuna mzee mmoja fundi wa mitumbwi, mtu wa Ukerewe, huwa anapita karakana kuchukua misumari. Akaikuta modeli iko chini juu nasugua msasa. Akasimama.

"Kijana, huu mkuku mbona umeulaza hivi, kama kijiko?"

"Shikamoo mzee wangu. Ndivyo ulivyo, haipasui barafu hii, inaipanda."

"Marahaba. Inaipanda?" Akapitisha kidole gumba kuanzia puani taratibu mpaka chini ya tumbo, akarudia tena, akanyamaza kama dakika nzima. "Basi uzito ndo shoka lenyewe," akasema, akachukua misumari yake akaondoka. Mimi nimesoma kurasa na kurasa kuhusu hizi meli na sijakuta mtu aliyelisema kwa ufupi vile, na yeye kalijua kwa kidole, kwenye plastiki ambayo kijitabu kilitaka niikate.

Haya, tezi, yaani nyuma ya meli. Kuna propela tatu, na hapa modeli imefanya kazi nzuri sana, mapanga manne manne, na nafasi kati ya bodi na propela unaiona vizuri. Kila propela inazungushwa na mota ya umeme ya megawati 20, jumla 60. Kwa wana Mwanza, mitambo ya TANESCO pale Nyakato ni megawati 63, yaani chukua karibu kituo chote cha Nyakato ukifungie nyuma ya meli moja. Umeme wenyewe unatoka kwenye riakta mbili, yaani matanuri ya nyuklia, aina ya RITM-200, kila moja inatoa joto la megawati 175, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha tabaini (gurudumu lenye mapanga mengi), tabaini inazungusha jenereta, afu jenereta ndo inalisha mota. Unaweza kujiuliza kwanini wazunguke njia ndefu hivyo wasiunge tabaini moja kwa moja kwenye shafti. Jibu mvuvi yeyote wa hapa analo: injini ya boti ikinasa nyavu au magugu maji inafanya nini? Inazima, au inakata pini. Sasa propela ya kwenye barafu inakula bonge la barafu kila baada ya muda kidogo, ndo maisha yake, na mota ya umeme ina nguvu ya kusokota hata ikiwa imesimamishwa kabisa, inaendelea kusukuma mpaka bonge linasagika. Ndo maana hata zile za dizeli za siku hizi nyingi zinapitisha nguvu kwenye umeme kwanza.

Kasoro ya kwanza iko hapa hapa: panga moja la propela limefika limevunjika ndani ya boksi, na boksi lenyewe lilikua limebonyea kona. Muuzaji nimemuandikia mara tatu ajibu, kimya mpaka leo. Nimechonga panga jingine kwa kadi ya zamani ya plastiki, limekaa. Na nikiwa nalichonga ndo nikamueleza mpwa wangu kwamba hata meli zenyewe za aina hii, nyingi mapanga yake yanafungwa kwa bolti kwenye kitovu, hayajamiminwa pamoja, na akiba ya mapanga inabebwa, maana inajulikana kabisa kuna siku barafu itavunja moja.

Karibu na usukani kuna kipande kidogo kama jino, hakifiki hata nusu ya ukucha wa kidole kidogo. Mpwa wangu alitaka kukitupa akadhani ni mabaki ya plastiki. Kijitabu kinakuonyesha kinapogundishwa basi, hakisemi ni cha nini, na hii ndo lawama yangu kubwa kwa bidhaa hii nzima. Kile ni jino la barafu. Meli ikirudi nyuma kwenye barafu, usukani ndo unatangulia kugonga, na barafu ikiukamata ikiwa umepinda kidogo tu inaupindua mpaka mwisho na kuvunja mtambo wake wote. Kwahiyo usukani unanyooshwa katikati, na lile jino linakaa nyuma yake linaigonga barafu kwanza. Kipande kidogo vile kinalinda kitu cha mabilioni, na kijitabu kimekichora kimshale tu. Ukurasa mmoja wa maelezo ungetosha, mtoto angejifunza mara kumi.

Sasa nije kwenye siku iliyonifurahisha kuliko zote. Mpwa wangu akasema mjomba tuiweke majini ielee. Tukaziba maungio kwa silikoni ndani na nje, tukaacha siku mbili ikauke. Swali likawa iwe na uzito gani ili izame kiasi sahihi? Meli ikizama mita 10.5 ina tani 33,540. Urefu umegawanywa kwa 350, upana kwa 350, kina kwa 350, kwahiyo uzito unagawanywa kwa 350 mara tatu, na maji ya beseni ni karibu sawa na ya bahari kwa hesabu yetu, tukapata gramu 780 na kitu. Tukaenda kwa mama muuza dagaa jirani tukamuomba mzani, tukawa tunaongeza risasi za nyavu, vile vizito vya wavuvi, ndani ya bodi moja moja huku mama anatuangalia, mpaka ikasoma 780. Tukairudisha tukaiweka kwenye beseni kubwa la kufulia. Wadau, imezama sentimita tatu. Mita 10.5 gawanya kwa 350 ni sentimita tatu. Rangi nyekundu ya chini ikaishia kwenye mstari kama imechorwa na maji yenyewe. Mtoto akaruka. Modeli iliyochongwa ovyo haiwezi kukupa hilo, ina maana waliotengeneza wamefuata umbo la kweli chini ya maji mpaka mwisho, na hapo ndo nilijua hela yangu imeenda pazuri.

Tukaitikisa kidogo pembeni. Inayumba, inayumba, inayumba, haitulii haraka, kama bilauri. Hii ni tabia ya kweli ya hizi meli, tumbo lao limeviringishwa ili barafu iteleze na isipate pa kung'ang'ania, na nyingi hazina yale mapezi ya pembeni ambayo meli za kawaida zinayo ya kupunguza kuyumba, maana barafu ingeyang'oa. Kwenye barafu zimetulia, kwenye bahari wazi yenye mawimbi wanaokaa ndani wanateseka. Nilimuambia mpwa wangu, na nawaambia na nyie maana sisi wa huku jambo hili si la mchezo tangu MV Bukoba ipinduke tarehe 21 Mei 1996: kuyumba sana si sawa na kupinduka. Tukaiinamisha mpaka maji yakafika ukingoni mwa deki tukaiachia, ikarudi. Tukahamisha risasi tukaziweka juu kwenye nyumba, uzito ule ule gramu 780, tukaiinamisha nusu ya pale, haikurudi. Ikalala ubavu. Tulikaa kimya wote wawili tunaiangalia. Kila anayepakia chombo ziwani ningependa aione ile kwa macho yake.

Barafu je? Tumejaribu. Arktika imeundwa ivunje barafu ya unene wa mita 2.8 hivi ikiwa inatembea polepole bila kusimama. Gawanya kwa 350 unapata milimita 8. Tukagandisha maji kwenye sinia ndani ya friza ya samaki ya jirani, milimita 8 kamili, tukailaza ile sahani ya barafu ielee kwenye beseni tukasukuma modeli kwa kidole. Haikuvunjika. Modeli ilipanda juu vizuri kabisa, omo ukafanya kazi yake, ikakaa pale juu ya barafu, basi. Mpwa wangu akavunjika moyo, akasema mjomba hii feki. Si feki, na ukiijaribu wewe usije ukaipa nyota moja kwa sababu hiyo. Sisi tumepunguza unene wa barafu, tumepunguza uzito wa meli, lakini nguvu ya barafu hatujaipunguza, barafu ya friza ni ile ile ya kweli. Ilitakiwa iwe dhaifu mara 350. Wenzetu wanaobuni hizi meli wanalijua hili, kule Helsinki kampuni ya Aker Arctic ina bwawa la ndani la kugandisha, urefu mita 75 upana mita 8, na barafu wanayotengeneza mle inafanywa makusudi iwe laini kulingana na skeli ya modeli, na modeli zao ni kubwa, mita kadhaa. Wanaiburuza, wanapima nguvu inayotumika, wanaangalia vipande vinapita wapi chini ya tumbo, kabla pleti moja ya chuma haijakatwa. Mpwa wangu sasa anataka kutafuta kitu cha kuchanganya kwenye maji ili barafu iwe laini. Nimemuacha.

Kuhusu chuma modeli haiwezi kukuambia kitu, plastiki ni plastiki, lakini mimi kama fundi siwezi kulipita. Maji ya ziwa letu ni ya uvuguvugu mwaka mzima, pleti inayokunjika vizuri hapa itakunjika vizuri siku zote. Kwenye baridi kali chuma cha kawaida kinabadilika tabia, kinaacha kukunjika kinaanza kuvunjika kama kigae. Kwahiyo pleti za meli za huko zinapimwa zikiwa zimepozwa, kipande kinawekewa mkato mdogo kinagongwa na nyundo ya kipimo kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri kwa chuma cha daraja E, na 60 chini ya sifuri kwa cha daraja F. Na mataruma, zile mbavu za ndani, yanasogezwa karibu karibu kuliko kwenye meli ya kawaida, hasa pale ubavuni barafu inapogusa.

Kwenye ubavu wa modeli, chini, kuna vitundu vya kuchukulia maji ya kupozea mitambo. Chongeni macho hapo. Vivuko vyetu vikiingia kwenye magugu maji vinaziba vichujio na injini inapata moto, wao wanazibwa na uji wa barafu. Wanachofanya ni kurudisha maji ya moto yaliyotoka kwenye mitambo yaingie tena kwenye kisanduku cha kuchukulia maji ili uji uyeyuke. Magugu hayayeyuki, lakini wazo la kisanduku kikubwa chenye nafasi ya takataka kupanda juu na maji kuvutwa kwa chini, hilo fundi wa huku anaweza kulitumia kesho.

Kitu kingine nimekipenda ni alama za kina kwenye stika. Utaona tofauti kati ya kuzama kwingi na kuzama kidogo ni kubwa, maana meli hii inabeba maji kwenye matangi yake ikiwa baharini iwe nzito, izame mita 10.5, afu ikitaka kuingia midomo ya mito ya huko Urusi kama Yenisei inayatoa inabaki kama mita 9 hivi. Zamani kazi hizo mbili zilihitaji aina mbili za meli. Na huo upana wa mita 34, zile za kizazi cha 1975 zilikua mita 30, umeongezwa kwa sababu ya meli zinazofuata nyuma, maana barabara inayopasuliwa lazima imtoshe anayekuja.

Stika zenyewe lakini ni dhaifu, mbili zimechanika mkononi, loweka kwa maji ya uvuguvugu na usizisukume kwa kidole, tumia brashi laini. Reli za pembeni mwa deki ni nene mno, kwa skeli hii ingekua kama bomba la inchi sita. Nanga moja imefika imepinda. Gundi haiji ndani ya boksi na supa gluu ya kawaida inaacha ukungu mweupe kwenye plastiki, tafuta ile ya modeli yenyewe au fanya kazi kwa tone dogo sana na sehemu yenye hewa. Rangi nimepuliza kwa kampresa yangu ya karakana nikiwa nimepunguza presha, imetoka vizuri, nyekundu ya chini nimeipa mikono mitatu.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya kijitabu na huduma ya muuzaji, umbo la bodi lingekua peke yake ningetoa zote. Ipo karakana kwenye rafu juu ya meza ya grinda, nimetengeneza kistendi cha nondo za milimita 6 inakaa chini juu, tumbo linaangalia dari. Ukija kuiona ruksa kuigusa, ila osha mikono grisi kwanza.